Sahani ya Nambari Nane Imeenda Subukia

Nakuru,
Jumatatu asubuhi

Kwako Mama,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Goti lako la kulia linaendeleaje? Yule daktari wa Kimilili alikupa dawa ya kupaka au alikupa maneno tu? Kaka Simiyu aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kwenda mtoni mwenyewe. Kama ni kweli, acha. Ndoo moja nusunusu, na umtume mtu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako unaisikia nusu, na haya ninayotaka kukuambia sitaki kuyapiga kelele hapa hotelini watu wakisikia. Barua analeta dereva wa lori la mahindi, yule anayelala kwa jirani yako. Mkaribishe chai.

Mimi ni mzima. Hoteli iko. Vumbi la ziwa linaingia mpaka kwa chumvi, lakini wateja hawajapungua. Kilichopungua ni kimoja tu, na ndicho nitakueleza.

Unajua mimi ni mtu wa timu yetu ya mtaa, Karakana. Sijui kama nilishakueleza desturi yetu ya sahani. Timu haina pesa ya kulisha vijana, kwa hivyo kila mchezaji hupewa nyumba moja ya shabiki, na siku ya mechi anakula huko kabla ya kwenda uwanjani. Mwenye nyumba ananunua sahani ya bati, anaandika nambari ya jezi chini yake kwa rangi ya kucha, na hiyo sahani hailiwi na mtu mwingine, hata mgeni, hata mchungaji. Misimu miwili iliyopita nilipewa nambari nane. Kijana wa Keringet, Kiprono, aliyekuja mjini kujifunza kuchomelea vyuma. Mashabiki wanamwita Spana kwa sababu anacheza kiungo, na pale katikati pakilegea yeye ndiye anayekaza.

Alikuja mwembamba kama ufito wa ua. Kabla ya mechi alikuwa anakunywa soda na mandazi, basi. Mimi nilimwambia, "Hapa utakula ugali na maharagwe saa tano, ili saa tisa tumbo liwe kimya." Alitii. Tena nilikuwa nasimama kando ya uwanja, upande wa benchi, na nikiona adui anamjia kwa nyuma napaza sauti: "Spana, mtu kushoto!" au "Spana, mtu kulia!" Hakuwa anageuka kutazama. Alikuwa anaamini tu na kwenda upande wa pili. Msimu uliopita tulifunga mabao kumi na saba, na kumi na moja yalianza kwa mguu wake. Nilihesabu mwenyewe. Hakuna mwingine Karakana anayehesabu, wao wanapiga makofi tu.

Sasa, amehama. Amehamia Subukia, kwa wale mahasimu wetu wanaolima kahawa, ambao tukikutana nao hata refa anaaga watoto wake kwanza.

Habari ililetwa na Wafula, kinyozi wa mlango wa pili, aliyeingia akiwa bado ameshika kitana.

"Mama Sahani, mtoto wako amehama."

"Si mtoto wangu."

"Basi mbona unakata hivyo vitunguu kama unakata refa?"

Kufika saa sita hoteli ilikuwa imejaa, na hakuna aliyeagiza chakula ila chai, wote wanabishana. Wafula alisema kijana ni msaliti, tumemlisha ameshiba ametuacha, jezi yake ichomwe. Mzee Otieno, mwenyekiti wetu, aliyestaafu kazi ya reli, akamwambia mguu ni wa mwenyewe.

"Hata reli ilituacha sisi," akasema, "na hatukuitukana."

"Mzee, reli haikuhamia Subukia."

Watu wakacheka. Mwingine akasema Spana amefungua nati ya katikati akaenda nayo mfukoni. Mimi niliwaambia waache siasa, waangalie hesabu. Subukia wamempa kazi pale maziwa yanapopozwa, na chumba, na siku ya mazoezi anatoka mapema. Sisi tulikuwa tunampa nini? Sahani ya maharagwe na kelele. Nikawauliza, nani kati yenu angekataa? Wakarudia chai zao. Wafula tu akasema, "Kumbe hata wewe unamtetea."

Sikuwa namtetea, Mama. Hesabu ni hesabu. Kama angekuja akaniuliza, ningemwambia hivyo hivyo, nenda. Lakini hakuniuliza. Mpaka kinyozi alijua kabla yangu.

Alikuja Jumanne kuaga. Alikaa pale pale pake karibu na jiko, akala, akaacha majani ya sukuma kwa ukingo wa sahani kama kawaida yake. Kisha akaosha sahani mwenyewe, akaipangusa na shati.

"Mathe, naomba nitembee nayo."

"Ya nini? Subukia hawana sahani?"

"Wako nazo. Lakini hii ndio yangu."

Desturi haisemi hivyo. Desturi inasema mchezaji akiondoka sahani inabaki, nambari inafutwa, inangoja mwingine. Lakini nilivyosikia "hii ndio yangu", nilifunga ile sahani na gazeti, nikampa. Nilijiambia huyu anaenda kuitundika ukutani, akiiona ananikumbuka. Wiki nzima nilitembea hapa sokoni nikiwa mrefu.

Jumamosi ya wiki iliyofuata ratiba ikatupeleka Subukia. Tulifika mapema, na kwa vile mimi siwezi kupita jiko bila kuangalia, nikaenda nyuma ya kanisa walikokuwa wakipika akina mama wa huko. Nikamwona Spana amekaa kwa kigogo anakula. Mama, alikuwa anakula mukimo, ule wa viazi na mahindi ya kuponda, kijani kwa majani ya malenge, mlima mzima, na nyama juu. Na sahani ilikuwa na ukingo wa bluu, kama ile niliyompa. Alipoinua kumalizia mchuzi niliona chini yake nambari nane, kwa rangi yangu ya kucha, na kile kikia kilichotiririka nilipoandika kwa haraka.

Aliimaliza. Hakuacha kitu kwa ukingo. Mukimo una majani pia, si ni kweli? Miaka miwili ananiachia sukuma, huko anakula majani mpaka anapangusa na kidole.

Aliyempikia anaitwa Mama Njoki. Mwanamke mnene, mwenye sweta la kanisa, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Ana ng'ombe wanne wa maziwa. Aliniambia kabla sijauliza. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndio mama wa Nakuru! Huyu kijana hamalizi siku bila kukutaja. Kuja ukule."

"Nimeshiba."

"Hata kidogo tu?"

"Nimeshiba kabisa, asante."

Sikuwa nimeshiba. Tangu asubuhi nilikuwa na kikombe kimoja cha chai tumboni.

"Ameongeza mwili, sivyo?" akasema. "Alikuja kwangu mifupa tupu."

Mifupa tupu. Mama, yule kijana nilimpokea akiwa ufito nikamtoa akiwa mti, halafu mtu amemlisha wiki moja na siku zake anasema alimpokea mifupa. Nilimwangalia nikasema, "Mungu awabariki," nikaondoka. Hilo neno nilijifunza kwako. Wewe ukilisema kwa sauti ile, mtu anajua amepigwa kofi.

Nilienda kusimama mahali pangu, kando ya uwanja, upande wa benchi letu. Niliapa sitamtazama. Na kipindi cha kwanza kweli sikumtazama, isipokuwa nilijua amegusa mpira mara ishirini na sita na kupoteza mbili. Kipindi cha pili tulikuwa bado bila bao pande zote. Wafula alikuwa kando yangu anamtukana Spana kila akipita, na mimi nilikuwa nimefunga mdomo.

Basi mpira ukamfikia katikati, mgongo wake kwetu. Beki wetu mrefu akamtokea kwa nyuma, anakuja kama mlango uliong'olewa na upepo. Ile mbio ilikuwa ya kuvunja mtu. Sikufikiri, Mama. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Spana, mtu kushoto!"

Hakugeuka kutazama. Alihamia kulia, beki wetu akapita akaenda kukaa chini kwenye nyasi peke yake, na Spana akainua kichwa akatoa pasi moja. Bao. La Subukia.

Upande wetu kulikuwa kimya mpaka nikasikia ng'ombe wa watu akilia huko mbali. Kisha watu wetu, mmoja mmoja, wakageuka kuniangalia mimi.

Wafula akaongea polepole, kama mtu wa kusoma wosia.

"Mathe. Wewe uko upande gani?"

Nilijibu nini? Nilisema beki alikuwa anaenda kumvunja kijana wa watu mguu. Wafula akasema, "Kijana wa watu. Sasa amekuwa wa watu." Mechi iliisha hivyo hivyo, moja kwa sifuri. Kabla hatujaondoka Subukia, kwa grupu la mashabiki kwa simu mtu alikuwa ameandika matokeo, na chini yake: pasi ya bao, Mama Sahani. Watu hamsini na kitu wakacheka kwa vidole.

Nilikuwa nafunga leso niondoke aliponifuata, amejaa jasho.

"Asante, mathe."

"Usiniambie asante mbele ya hawa watu. Unataka nichomwe na jezi yako?"

Akacheka. Akasema, "Hapa hakuna mtu ananiambia kushoto ama kulia. Mama Njoki mpira ukinifikia anafumba macho anaomba."

Mama, nilifurahi. Timu yangu imefungwa, na mimi ndiye nimeifungisha, na nilikuwa nafurahi pale kama mtu aliyeokota kitu. Nikamuuliza kama atapita Nakuru siku moja ale. Akasema atapita. Kisha Mama Njoki akaita kutoka kule jikoni, "Rono, chai inapoa," na yeye akakimbia. Alikimbia kuliko alivyokimbia kwa mechi. Sisi miaka miwili tunamwita Spana, Mama Njoki ameshafika kwa Rono.

Nilipiga hesabu njia nzima ya kurudi. Sauti ni yangu, chai ni yake. Sahani ni yangu, mukimo ni wake. Kwa hesabu yangu tulitoka sare, ingawa usiku huo sikuhisi sare.

Alhamisi kamati iliketi juu yangu. Wafula alitaka nizuiwe kukanyaga uwanjani msimu mzima. Mzee Otieno akasema mtu hawezi kuzuiwa kwa kuwa na koo. Wakakubaliana hivi: nitasimama nyuma ya goli letu, mbali na viungo wote, na mchezaji nitakayelisha sasa ni kipa, kwa sababu kipa haambiwi mtu kushoto. Nilikubali. Nilisema tu kwamba sitanunua sahani mpya mpaka nimwone akidaka.

Kipa ni wa Bahati, mkimya, na anakula kama anayehama nyumba, haachi kitu. Jana alikuja mara ya kwanza. Nilipakua ugali, nikapakua maharagwe, nikaweka mezani, nikarudi kufunika sufuria. Yule kijana akakaa bila kugusa chakula, anaangalia mlango.

"Mathe, kuna mwingine anakuja?"

Nilikuwa nimepakua sahani mbili. Na ile ya pili nilikuwa nimeweka sukuma kidogo tu, pembeni, kwa sababu huwa anaiacha.

"Hakuna," nikamwambia. "Zote ni zako." Akala zote. Jioni alidaka penalti, kwa hivyo leo nitaenda kununua sahani.

Msalimie kaka Simiyu, na umwambie paa la zizi asingoje mvua imkumbushe. Mke wake Naliaka nimemtumia kitambaa cha kichwa, kiko kwa dereva pamoja na barua. Salamu kwa binamu Wekesa anayekusomea haya. Wekesa, soma yote, usiruke hata mstari. Na shangazi, akija kutoka kwa wakwe, mwambie bado namwombea macho yake.

Kwa sababu ya shangazi nina swali, Mama. Mwaka ule aliponileta huku Nakuru niishi naye, nikiwa darasa la sita, tuliondoka asubuhi na wewe ulibaki kwa shamba. Krismasi nikarudi, nikakaa jikoni kwako nikasifu chapati za shangazi, jinsi zilivyo laini, na wewe ukatoka nje ukasema unaenda kutafuta kuni. Kuni zilikuwa ndani, nyuma ya mlango. Nilikuwa nimekalia rundo lenyewe.

Sikuuliza siku hiyo. Nauliza leo. Ile jioni ya kwanza baada ya mimi kuondoka, ulipakua sahani ngapi?

Usinijibu kwa Biblia. Mpe Wekesa aandike namba tu.

Ni mimi binti yako wa huku mbali,
Rebeka Nasimiyu