Nilichomficha Hatibu

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Kikao. Madam Martina, meneja wetu, kasema kila fundi amfundishe mwenzake kazi yake yote. Oscar alipoacha kazi aliondoka na ujuzi wake, mashine ya chupa ikalala wiki nzima. Ujuzi ubaki kiwandani! Tukapiga makofi. Mimi nawaza — nikishagawa ninachokijua, wataniweka wa nini?
Nimepewa Hatibu.

Alhamisi, 21 Novemba
Hatibu mwepesi kweli! Nimemwonyesha pipa la kuchemshia juisi ya nanasi, mwanzo mpaka mwisho. Karibu mwisho. Geji yake ya presha mbovu, inarudi sifuri wakati mvuke bado umo. Mimi hufungua kwanza kikoki cha chini, mvuke utoke, ndipo mfuniko. Hilo nimelimeza. Kesho naenda Mkuyuni, harusi ya mdogo wangu. Hawachemshi tena mpaka Jumatatu. Nitamwambia nikirudi. Labda.

Jumamosi, 23 Novemba
Mkuyuni. Ngoma imekolea, simu ikaita — Pendo wa stoo, analia. Lori la mananasi limewahi, wakaamua kuchemsha leo leo. Hatibu katazama geji, sifuri. Kafungua mfuniko. Mvuke! Mikono, kifua, shingo.
Nikaacha pilau, nikatafuta basi la kurudi.

Jumapili, 24 Novemba
Hospitali. Mikono yote bandeji. Mkewe, Pili, anamnywesha uji. Kaniamkia shikamoo, kanipisha kiti. Kiti, mimi!
Hatibu kaniomba msamaha. Eti nilimfundisha vizuri, yeye ndiye kaniangusha. Akaanza kutaja hatua zote, macho kafumba. Hakusahau hata moja.
"Kaka, niliruka wapi?"
Nikamwambia apumzike kwanza.

Jumatatu, 25 Novemba
Sikwenda kazini. Nimesema homa.

Jumanne, 26 Novemba
Madam kaniita asubuhi. Kauliza kama nilimfundisha Hatibu kila kitu. Nikajibu ndiyo. Ndiyo! Limetoka lenyewe. Basi ni uzembe, kasema, barua ya kumwachisha kazi inachapwa. Na mimi, kwa uzoefu wangu, napandishwa — mkufunzi wa kiwanda kizima. Nianze leo: niwaeleze wote Hatibu alikosea wapi.
Nimejificha stoo, naandika. Wameshakaa. Pili naye kaja, yuko mbele kabisa. Barua hajui habari yake. Anasema mumewe kamtuma asikilize vizuri kosa lenyewe, ili akipona asirudie.
Pendo ananiita. Nakuja, nimemwambia. Nakuja —