Marehemu Anayechomelea Mageti

4 Machi

Kwa mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo huko ziarani? Mama yako hajambo, ila magoti. Mimi, kwa taarifa yako, nimekufa.

Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Jana kaja mama mmoja, mteja wa geti, kumpa mama yako pole. Nikatokea uani na miwani ya kuchomelea, mama wa watu nusura azimie! Anasema wimbo wa kundi lenu uko kila redio, nawe unafoka kwamba baba yako aliuawa kiwandani akidai haki ya mtu mweusi. Kiwanda gani? Wateja wameanza kumhamia jirani, maana nani ampe marehemu kazi? Nifufueni.

Baba yako, mzima

19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mu wazima. Sisi tunaendelea, uchovu tu.

Nisamehe. Kundini tuna sheria: ubeti huanzwa na mmoja, mwingine anaumalizia, na mstari ukishatoka haufutwi. Mimi niliandika makovu ya moto mikononi mwako. Mwenzetu tunayemwita Mzee wa Mizizi akamalizia kwa kifo. Anasema ukombozi hauwezi kuishia kwenye mageti. Na hapo ndipo watu hulia, Baba. Vumilia kidogo.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya ninayo, subira imekwisha.

Mnahubiri Mwafrika aheshimu wazee wake, kisha mnamzika mzee angali anakula! Huyo Mzee wa Mizizi, ndevu zenyewe za kuhesabu, hana baba? Si angemuua wake?

Baba yako

2 Mei

Shikamoo Baba,

Poleni na kazi. Nimechelewa kujibu, mambo mengi. Jumamosi tunapiga muziki mji wa jirani na hapo. Tiketi hii hapa. Njoo usikie mwenyewe, halafu unigombeze.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Nilikuja, nikasimama nyuma kabisa. Ulipofika kwenye ubeti wangu, watu wote wakawasha simu zao juu, nawe sauti ikakukatika. Nami nikalia, mtu mzima mzima. Dada mmoja akanipa leso: “Pole mzee, ulimfahamu?”

Nikamwambia, “Kidogo.”

Wimbo ni mzuri, msifute kitu. Lakini nilikungoja mlangoni mpaka wakafunga, na nyumbani hukupita. Yule marehemu unamlilia kila mji. Mimi niliye hai hata simu hunipokelei. Namwonea wivu, mwanangu.

Baba yako