Umeme wa Kibofu

Dada yangu mpendwa,

Mvua imekatika na paka wako kanenepa. Jana hospitali walinibandika nyaya tumboni kupima umeme wa hiki kibofu kinachonisumbua, kama wanavyopima wa moyo. Mistari ikarukaruka kwenye kioo cha mashine, binti anayeiendesha akakunja uso.

“Baba, mbona umekaza tumbo? Umeme wa misuli yake unaufunika wa kibofu.”

“Mwanangu, nimelala nusu uchi mbele yako, nilegee vipi?”

Akacheka, akageukia ukutani. Nikalegea. Mistari ikawa mawimbi ya polepole, mazuri. Daktari kasema si ugonjwa wa kuua, nimeze vidonge tu.

Lile koti nililompa shemeji, nikisema sitalihitaji tena, mwambie alivue. Baridi inakuja, nami nipo.

Mdogo wako mwenye haya.