Upande Wenye Njaa

Nyumba za Vibarua,
Shamba la Majaribio.
Jumapili, 12 Aprili.

Mpendwa mdogo wangu Kigingi,

Salamu nyingi. U hali gani? Kifua kinakusumbua bado? Na lile goti? Sisi huku hatujambo. Binti yangu kanipita urefu, sasa ananiita kafupi. Mama mdogo macho yamefifia, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote.

Paa tumeliziba. Mvua hainyeshi tena kitandani.

Tangu shemeji yako afariki nimefanya kila kibarua, unajua. Sasa niko kwenye nyumba ya vioo, wanamooteshea miche. Nafagia, naosha trei, nabeba maji. Mgongo unauma. Lakini kivuli kipo.

Mdogo wangu, niliyoyaona humo sijui nikuambieje. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Ila nimelima tangu utoto, nimekanyaga mizizi umri wangu wote nikidhani ni kamba tu za kushikilia shina. Kumbe.

Kuna mama mmoja, mtaalamu wa mizizi. Tunamwita Bi Hadubini, maana jicho lake halibanduki kwenye hadubini, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo. Anapanda nyanya kwenye masanduku ya kioo. Mizizi ya mche mmoja anaigawa mafungu mawili, ukuta katikati. Kulia anatia maji yenye naitreti, ile chumvi iliyomo kwenye mbolea. Ndiyo chakula. Kushoto anatia maji yasiyo nayo. Shina ni lile lile moja. Halafu anapima mizizi ya kulia inakunywa kiasi gani.

Sasa kuna kibarua mwenzangu, Mzee Ndoo. Hiyo kazi ilimkera. Alisema mtoto mmoja anakula, mwenziwe anamtazama, hii ni dhambi tupu. Akaenda kimyakimya akamwaga maji ya mbolea upande wa kushoto, safu nzima. Hakumwambia mtu.

Baadaye Bi Hadubini akaja na kipimo chake. Akapima, akapima tena.

"Nani kawalisha wa kushoto?"

Mzee Ndoo akaiangalia ndoo yake kama vile ndiyo kwanza wanakutana.

Mimi nikauliza, "Kwani umepima kushoto?"

"Sijagusa kushoto. Wa kulia ndio wameniambia. Juzi walikuwa wanavuta kwa pupa, leo wamelegea."

"Mama, mmea hauwezi kuwa mbea hivyo," Mzee Ndoo akasema.

"Ni mbea kuliko wewe, mzee wangu. Na ndoo yako inanuka mbolea."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Hakufukuzwa. Aliambiwa apande safu upya, basi.

Lakini mimi sikulala vizuri, nikawaza. Kulia wamejuaje ya kushoto, na ukuta upo? Kesho yake nikamuuliza. Hakunicheka. Alisema upande wenye njaa unapeleka habari juu, inapita kwenye shina mpaka kwenye majani. Majani yanateremsha neno upande wenye chakula: vuta zaidi, ota mizizi zaidi, mwenzio hana. Siyo maneno kama yetu. Ni vitu vidogo mno vinasafiri ndani ya utomvu.

Akaniambia tena kwamba kwenye ngozi ya mzizi kuna milango ya kuingizia hiyo naitreti. Mmojawapo ndio huo huo unaoonja. Mlango ndio ulimi. Chakula kikiwa tele, unashika kwa ulegevu. Kikiwa haba, unajigeuza, unadaka hata chembe inayopita. Kitu hakina jicho, hakina ubongo, kiko gizani. Nilibaki nimeshika ufagio.

Nikauliza, upande wenye njaa usiposema je? Akasema huwa anaukata makusudi, kujaribu. Ukikatwa, habari haifiki. Wa kulia wanarudi kula kiasi chao tu, kama vile hakuna mwenye shida duniani.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe.

Dereva anayetuletea udongo alipita huko kwako. Anasema kiwanda chenu kilikupunguza kazini kabla ya mvua, unalala stoo kwa fundi viatu. Sikumtuma akuchunguze. Aliona, akasema. Na wewe barua yako ya mwisho umeandika mzima, kazi inaendelea. Ya kabla yake, hivyo hivyo.

Kukosa kazi si kosa. Kazi huja, kazi huenda. Kinachoniuma ni kunyamaza kwako. Miezi yote hiyo mimi nimekula kiasi changu, nimeziba paa langu, nimelala. Ningejuaje? Baba alikuita Kigingi kwa kuwa ukikaa hung'oki. Hakusema huna mdomo.

Binti yangu amehamishia godoro lake kwangu. Hakuna aliyemwambia. Chumba chake ki wazi, kina dirisha. Na Bi Hadubini anatafuta mtu wa kuosha masanduku ya kioo. Nikamwambia ninaye. Akauliza, kazi anaiweza? Nikasema kazi anaiweza, kuomba ndiko hajui.

Sitakuja kukuburuta. Wewe ni mtu mzima. Dereva huyu anarudi huko wiki ijayo, ndiye atakayekuletea barua hii. Atalala, ataondoka asubuhi, na kiti cha mbele kitakuwa kitupu. Nimemwomba akupigie hodi kwanza.

Mama mdogo anakusalimu, anasema sura yako imeanza kumpotea, uje azungumze na sauti. Binti yangu anasema shikamoo mjomba. Msalimie fundi viatu. Mwambie dada yako anamshukuru kwa stoo yake.

Mungu akufunike ulalapo, akusimamishe uamkapo.

Usiniandikie tena kwamba u mzima. Kama huji, mpe dereva karatasi, andika neno moja tu: sina.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Kafupi