Mashine ya vyombo na sufuria isiyoingia

Jumatano. Mvua inanyesha hapa Kibua tangu alfajiri. Mtandao umeonekana kidogo, basi naandika haraka kabla haujapotea. Roho yangu haijatulia. Kuna mashine jikoni kwangu na siiamini.

Mume wangu, Papa Neema, aliileta wiki iliyopita kutoka Goma, juu ya lori, katikati ya magunia ya chumvi ya duka letu. Mashine ya kuosha vyombo. Ni ndogo, ya kukaa juu ya meza. Unamimina maji kwa mkono, unafunga mlango, unabonyeza, unakaa. Ilikuwa ya wageni fulani waliofunga nyumba yao na kuondoka kwa sababu ya vita. Nilijiuliza papo hapo: kitu kizuri mtu anakiachaje? Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai.

Halafu nikajiuliza swali kubwa zaidi. Tangu lini mume wangu ananiletea kitu ambacho sikuomba? Huyu ni mtu wa kutumwa kitunguu akarudi na gazeti.

Lazima nieleze kuhusu Mama Riziki. Alifika kwetu miezi saba iliyopita na watoto wake watatu, akikimbia kutoka vilima vya Masisi. Shamba lao la maharagwe limebaki kule kwenye mapigano. Hatukuwa tunajuana. Tulimpa chumba cha nyuma ya duka, na siku ya pili tu akanipokonya beseni la vyombo, akaenda kukaa nyuma ya nyumba na majivu yake. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeosha sahani hapa. Ndivyo anavyokula chakula chetu bila kuinamisha kichwa.

Na kwetu mgeni hafukuzwi kwa mdomo. Ukimchoka, unamwondolea kazi mkononi. Mama yangu alimfanyia shangazi yangu hivyo. Asubuhi moja alimpokea jembe, akampa mtu mwingine, akatabasamu. Kesho yake shangazi akaenda zake. Hakuna aliyegombana na mwenzake.

Sasa mume wangu ananunua chombo ambacho kazi yake ni ile moja tu ya Mama Riziki.

Nilitaka mashine ishindwe. Niliipa sahani za sombe, yale majani ya muhogo, zilizoganda mawese, zikatoka, nikazikwangua kwa ukucha. Safi. Nikanusa vikombe. Safi. Ilinikasirisha. Jenereta ya duka huwaka kila siku kwa ajili ya friji, kwa hiyo hata mafuta sikuweza kuyasingizia. Na maji! Mama Riziki alikuwa akimaliza bidoni mbili, madumu mawili mazima. Mashine inashiba kwa nusu bidoni.

Ina ubaya wake. Inanguruma zaidi ya saa nzima kwa kazi ya mkono ya muda mfupi. Vidonge vya sabuni vimebaki kisanduku kimoja. Jumatatu nilijaribu kuweka majivu badala ya kidonge, maana majivu ndiyo tunayoyajua, ikakohoa tope na Papa Neema akashinda jioni nzima akiichokonoa kwa waya. Na sufuria ya bugali haiingii. Mlango haufungiki.

Jana nilichoka kuchunguza, nikamuuliza waziwazi kama anataka Mama Riziki aondoke. Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa.

“Ku chanzo ya maji kuko bantu na bunduki sasa,” akasema. “Asubuhi munashukaka wengi, haina shida. Lakini maji ya vyombo, jioni, ni Mama Riziki peke yake njo anashuka. Ulitaka ningoje nini?”

Niliona aibu. Mimi nilikuwa nachunguza sahani, yeye alikuwa anafikiria njia ya maji.

Lakini hakuna aliyemwambia Mama Riziki.

Leo asubuhi nilimkuta ameketi chumbani, kifurushi cha nguo kimefungwa kwa kikwembe chake, watoto wamevaa viatu. Alikuwa anangoja mvua ikatike, warudi Masisi. Masisi ipi? Juzi tu mabomu yalisikika.

“Mashine njo inaosha sasa, Mama Neema,” akasema kwa upole. “Miye nitabakia hapa juu ya nini?”

Nilimweleza habari ya chanzo, yote. Akasikiliza, akashukuru. Hakuniamini. Uso ule naujua vizuri, ndio ninaouvaa mimi kila siku.

Na hapa ndipo penye jambo nisilotaka kuliandika. Mwezi uliopita nilikuwa nimechoka, nikamwambia mume wangu kwamba nyumba imejaa. Nilisema dukani. Ukuta wa chumba kile ni mbao tupu.

Kwa hiyo ana haki ya kunishuku. Kuna siku alichokisikia kilikuwa kweli.

Nikaenda jikoni, nikachukua sufuria ya bugali ya jana, nikaiweka mbele yake.

“Hii haiwezi ingia mu mashine,” nikamwambia. “Na miye mukono unaniuma.”

Mkono hauniumi. Aliutazama sana, kisha akanitazama mimi. Akanyanyuka kutafuta majivu. Mtoto wake mdogo akavua viatu bila kuambiwa.

Mashine itabaki, kwa ajili ya ile njia ya jioni; yenyewe na sufuria moja vinatoshwa na maji ya asubuhi. Hilo nimelikubali. Kifurushi nacho kiko bado nyuma ya mlango, kimefungwa. Nimepita mara mbili kukiangalia.

Mvua imekatika sasa, na nyuma ya nyumba nasikia bado anasugua.

Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuunguza bugali, majirani wote wanalijua hilo. Kesho nitaiacha ishike chini ya sufuria mpaka itoe moshi. Na keshokutwa pia.