Ndugu Wasiofanana Majina

Neema, mujukuu wangu,

Siye huku Bunia tuko wazima, na mama yako amerudi sokoni. Unauliza kama, mu programu ya kompyuta unayotengenezea parokia, jina la famille, lile la ukoo, linatosha kukusanya watu wa nyumba moja. Hapana.

Nikiwa kijana nilimupeleka mudogo wangu mugonjwa dispansere. Kwetu kila mutoto anapewa jina lake, si la baba. Infirmiye, muuguzi wa pale, alisoma majina yetu akanifukuza: "Weye si ndugu yake." Mama alipofika, naye akafukuzwa, jina lake pia halikufanana. Mutoto akalia mule ndani peke yake. Mpaka leo kasirani haijanitoka.

Tengeneza tablo, ile orodha ya mashine, ya watu na ingine ya nyumba, kila mutu abebe numero ya nyumba yake. Usifundishe mashine kunifukuza tena.

Babu yako, hata kama majina yetu hayafanani.