Gari Lililolia Nyumbani Tu

Malaba,
Agosti 1966

Kwa dada yangu Truphena, uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea,

Mulembe! Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji na watoto wote. Je, homa ya kifungua mimba imepoa? Na maji ya ziwa yamerudi nyuma, au bado mnatoka uani kwa mtumbwi? Mimi huku ni mzima kabisa, nakula nashiba, na hata nimenenepa kidogo. Mama mkwe naye hajambo, isipokuwa magoti yake, na hayo unayajua tangu zamani.

Barua yako niliipata, nikaisoma nikacheka, halafu nikakasirika. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama Desemba nahamia kwako Port Victoria moja kwa moja, jinsi tulivyosema siku za mazishi. Hilo nitalijibu, usiwe na haraka. La pili, kama ni kweli wanayosema wapita njia, kwamba nimeliharibu gari la marehemu mume wangu Ochom. Dada, huo ni uongo mtupu! Kaa chini nikueleze, maana hapa Malaba kila mtu analieleza apendavyo.

Lile gari unalikumbuka, la kijani, la viti viwili na paa la turubai, limekaa chini mpaka kuku wa mama mkwe wanamtazama dereva usoni. Ochom aliachiwa na yule Mzungu wa kiwanda cha pamba, bosi wake aliyekuwa akimwendesha, alipofunga safari ya kwao baada ya Uhuru. Ni gari la kukimbia, wala halikutengenezewa barabara zetu za murram, lakini Ochom alilipenda, na mimi alinifundisha kuliendesha katika barabara ya Moding huku watu wakiacha majembe kuja kutazama. Kila mara aliniambia nikanyage klachi mpaka chini, mpaka chini kabisa, ndipo niguse gia. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri, usinicheke.

Alipofariki, gari hilo ndilo lililonisimamisha. Sare za shule ninazoshona nazipeleka mwenyewe kwenye maduka ya Busia na Bumala, na narudi nimebeba vitambaa vipya. Bila gari mimi ni mshonaji wa kukaa barazani kungoja mwenye suruali iliyopasuka. Kwa hiyo ukisikia nimepigania gari, usidhani ni maringo ya ujane.

Basi, mwezi wa Mei likaanza kulia. Ukitia gia ya kwanza, krrraaa! Rivasi ndiyo usiseme, ni mahindi yamechanganyika na kokoto. Madereva wa malori wanaongoja kuvuka kwenda Uganda wakawa wananiuliza kwa heshima zote kama nimefungua kinu cha unga, na debe moja nasaga kwa bei gani. Shemeji yangu Emukule, mdogo wake Ochom, naye akapata la kusema. Akasema miguu ya mwanamke imeumbiwa cherehani, haikuumbiwa klachi, na kwamba gari la ndugu yake linauawa mchana kweupe. Yeye mwenyewe hajawahi kuendesha hata baiskeli yenye breki! Lakini gari alilitaka. Mimi nami, habari ya kunirithi kama mjane wa ndugu yake, alikwisha sema atanifikiria baadaye, gari likishakaa kwake.

Nikalipeleka kwa Onyango, Mjaluo mwenye gereji karibu na reli. Huyo ni fundi hodari, na wa kwanza kukuambia hivyo ni yeye mwenyewe. Nguo zake zimejaa mafuta, kwa hiyo akatoa kila kilichotandikwa chini kwa dereva, akakikunja pamoja, akakitupa kwenye buti. Akamwaga mafuta ya gia na kunionyesha kiganjani yalivyometameta. Akasema huo ni unga wa chuma, ni meno ya gia yanayoliwa, na likiendelea kulia hivyo, siku moja nitatia gia nikute uji. Akatoa hewa kwenye mpira wa klachi, akatia mafuta mapya, akaliendesha mpaka darajani na kurudi. Kimya. Nikaendesha mimi. Kimya! Nilirudi nyumbani naimba.

Asubuhi yake, langoni petu, krrraaa!

Nikarudi kwa Onyango na hasira zangu zote. Safari hii akalishusha giaboksi lenyewe, akaliosha kwa petroli, akalipanga juu ya gunia nilione. Meno yalikuwa yamelika pembeni tu. Akalirudisha, likaenda kimya, nikafika nyumbani kimya. Kesho yake, dada, kilio kile kile. Onyango akaudhika. Akasema kwake gari lina adabu, basi ugonjwa uko nyumbani kwangu, na je, hakuna mtu huko asiyenipenda? Nikamwambia atengeneze chuma, watu aniachie mimi. Hilo lilimchoma, najua, lakini na mimi nilikuwa nimechomeka.

Mji ukaanza kunong'ona kwamba ni Ochom anakataa. Emukule aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Katika kikao cha kupanga siku ya kuondoa matanga, akasimama mbele ya jamaa zote akasema kwamba gari linamjua mwenyewe, na mwenyewe si mwanamke wa kutoka ziwani.

Mdomo wangu unaujua ulivyo. Nikasimama nami. Nikasema siku hiyo hiyo ya matanga, mbele ya wageni wote wa Moding, nitalitoa gari uani niliendeshe mpaka kanisani. Likilia, Emukule achukue ufunguo pale pale. Likinyamaza, mtu yeyote asiniulize tena habari za gari hili mpaka nizikwe. Wakakubali upesi mno. Emukule alinipa mkono kabla sijakaa. Mama mkwe aliinamisha kichwa.

Yeye, lazima nikueleze, tangu tumzike mwanawe ana kazi moja ambayo hataki kusaidiwa. Kila jioni hutoa zulia la gari, akalikung'uta, akapangusa kiti cha dereva, kisha akatandika upya kwa mikono yake. Nilimwacha. Kila mtu ana namna yake ya kulia. Mimi nilishona mpaka sindano zikaniishia.

Sasa, mimi si mjinga. Nilikuwa nimejua kwamba likitoka kwa Onyango huwa kimya, basi siku moja kabla ya matanga nikalipeleka. Akalipapasa, akalisifu, akajisifu zaidi, nikalirudisha jioni bila sauti. Mama mkwe akafanya usafi wake. Nikalala usingizi wa mtu aliyekwisha shinda.

Siku ikafika. Viti vilijaa ua mzima, ng'ombe alikuwa amechinjwa, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vyenye visigino. Nikaketi, nikawasha, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikatia gia. Krrraaa! Kuku walitawanyika. Nikajaribu tena, krrraaa! Emukule akaja polepole akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Hata hakucheka, na hapo ndipo aliponiudhi kuliko siku zote. Nikamwambia asubiri, hatujafika kanisani. Nikavua viatu nikavitupa nje. Kama ni kushindwa, nikasema, nishindwe nikiwa nimekanyaga vizuri.

Na huo mguu mtupu ndio ulionisaidia. Klachi ilikwenda chini, lakini mwisho wake haukugonga chuma. Ulidunda, laini, kama mtu amekanyaga mto. Dada, mimi ni mshonaji! Kitambaa kikianguka chini ya kanyagio la cherehani, unyayo wangu unajua kabla ya macho. Klachi ilikuwa haifiki mwisho, basi haiachii, na gia zinasagana kwa sababu hiyo tu. Nikainama, nikafunua zulia. Chini yake palikuwa na ngozi ya ndama, manyoya yake bado mazima. Nikaivuta. Chini ya hiyo palikuwa na nyingine, ya mbuzi, imekunjwa mara mbili.

Onyango, nilipomuuliza baadaye, alisema ngozi hizo aliziona kila mara. Alidhani ni za kuzuia matope, maana kila lori la mpaka huu lina magunia na ngozi miguuni pa dereva, nani angeuliza? Akizitoa anapima gari, analikuta ni zima. Zikirudi nyumbani zinatandikwa. Fundi hodari huyo!

Nilipoinua kichwa, nilimwona mama mkwe. Ungemwona uso wake usingehitaji kuambiwa. Emukule akauliza ni nini hizo. Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba ni mimi niliyeziweka kwa sababu ya matope ya masika, nikasahau, mpumbavu nilivyo. Watu wakanicheka sana. Niliwaacha wacheke. Nikakanyaga tena, safari hii mpaka chuma kikagonga, na gia ikaingia bila kusema neno. Nikazunguka ua, nikarudi kwa rivasi, nikatia ya kwanza, ya pili, vigelegele vikapigwa, na Emukule bado amenyoosha mkono mpaka shangazi yake akamwambia aushushe.

Ndipo mama mkwe alipokuja akasema anataka kwenda kanisani na mimi, ndani ya gari. Hajawahi kulipanda hata siku moja. Akaketi, ngozi zake amezipakata, tukaondoka mbele ya wote.

Hapa, dada, kama kuna mtu anayekusomea, mwambie aishie hapo, umalizie mwenyewe.

Njiani alianza kusema bila mimi kumuuliza. Akasema ile ngozi ya ndama ndiyo aliyomlazia Ochom alipokuwa mchanga, na aliiweka miguuni pa dereva ili mahali pa mwanawe pasipate baridi. Hakukusudia kingine, klachi haijui, hata jina hawezi kulitamka. Lakini siku ya kwanza gari lilipolia, mimi niligeuza nikarudi nyumbani, na siku hiyo tulishinda wawili uani tukimenya njugu. Akaona mwanawe anamsaidia. Basi akaongeza ngozi ya pili.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema siku za mazishi alitusikia mimi na wewe jikoni tukisema kwa Kinyala chetu kwamba nitahamia Port Victoria nisirudi tena. Sisi tulidhani hajui! Kumbe mwanamke aliyeuza njugu mpakani maisha yake yote anajua kila lugha ya sokoni. Akasema nilipowekeana ahadi na Emukule hakuwa na usingizi tena. Alitaka kuzitoa, mikono ikamkatalia. Aliniambia hivi, na maneno yake bado ninayo: gari likilia, wewe unarudi.

Sasa yangu, ambayo hata wewe sikukuambia. Hakukosea. Sikuwa nangoja Desemba. Sanduku langu lilikuwa ndani ya buti siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimepanga kwamba ibada ikiisha, watu wakienda kula nyama, mimi nishike barabara ya Busia na Bumala mpaka kwako, bila kumuaga mtu. Ndiyo sababu nilitaka gari linyamaze, dada. Sikulipigania kwa ajili ya sare tu. Nilitaka kuondoka asinisikie.

Nikamwambia. Nilisimamisha gari pale njia panda, kanisa upande mmoja na barabara ya Busia upande mwingine, nikamwambia yote na sanduku lilipo. Nilidhani atalia. Alizikunja ngozi zake vizuri, akasema basi nimteremshe kanisani kwanza, nisije nikachelewa njiani, maana daraja la mbele ni bovu na si vizuri mwanamke kulivuka peke yake jioni.

Nilimpeleka kanisani. Nikaketi naye benchi moja, naye alinishika mkono ibada nzima, hata wakati wa kusimama kuimba. Tulipotoka tulirudi nyumbani, na sanduku nililifungua mbele yake. Sijutii. Sijui nilikuwa nakimbia nini; mume wangu amekufa, mama yetu tulimzika zamani, na huyu yupo hai ananitandikia zulia. Ningemwacha na nani? Na Emukule?

Basi jibu la swali lako la kwanza ni hili. Desemba nitakuja, tule samaki mpaka tuchoke, na mwaka mpya nitarudi Malaba. Usinung'unike. Nitakuja na mama mkwe, magoti na yote. Mtandikie chini karibu na moto, hapendi kitanda kirefu. Na ukitaka kumsema, tafuta lugha nyingine.

Msalimie shemeji, na watoto waambie mama yao mdogo ataleta sare mpya, wasiongeze urefu kabla sijafika. Wasalimie wote wanaoniuliza, na wale waliosema nimeharibu gari wasalimie mara mbili.

Mimi mdogo wako,
Rosebella, wa hapa Malaba